Msimu wa Kwenda Mirihi

Swali la muda unaohitajika kufika katika sayari nyingine huulizwa mara nyingi kana kwamba ni swali la umbali, na jibu lake hutafutwa kwa njia ile ile ambayo abiria huikadiria safari ya basi: urefu wa njia hugawanywa kwa mwendo wa chombo, na kinachopatikana ni saa za kusafiri. Hesabu hiyo ikifanywa kwa Mirihi, sayari nyekundu iliyo jirani ya Dunia kwa upande wa nje, huleta majibu ya kushangaza yasiyo na faida. Tarehe 27 Agosti 2003 sayari hizo mbili zilikaribiana hadi kilomita zisizotimia milioni 56, na ndege ya abiria iendayo kilomita 900 kwa saa, kama ingeweza kuruka mahali pasipo na hewa, ingehitaji zaidi ya miaka saba kuumaliza umbali huo. Lakini Mirihi hiyo hiyo, ikiwa upande wa pili wa Jua, huweza kuwa umbali wa kilomita milioni 400, hivyo anayeuliza ni mbali kiasi gani hana budi kwanza kutaja siku. Zaidi ya hayo, hakuna chombo hata kimoja kilichowahi kwenda Mirihi kwa mstari ulionyooka.

Dunia, ambayo ndiyo bandari ya kuondokea, haijatulia. Hulizunguka Jua kwa mwendo wa karibu kilomita 30 kwa sekunde, mwendo ambao ungemtoa mtu Mombasa na kumfikisha Nairobi kwa sekunde 15 hivi, na kila kilichomo juu yake, roketi ikiwa mojawapo, kimekwisha kupewa mwendo huo bila kuuomba. Roketi ambayo ingetaka kwenda Mirihi kwa njia iliyonyooka ingelazimika kwanza kuufuta mwendo huo wote, kisha ijipe mwendo mpya wa kuelekea inakotaka, na hakuna roketi iliyowahi kutengenezwa yenye uwezo huo. Kwa hiyo wahandisi hawashindani na mwendo wa Dunia bali huutumia, na hata mzunguko wa Dunia kwenye mhimili wake, ambao kwenye ikweta una kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, hawauachi upotee bure. Faida hiyo ya ikweta ndiyo iliyolifaa jukwaa la San Marco, ambalo Waitalia walilisimika baharini karibu na Malindi, na ambalo kutoka kwake setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ingawa setilaiti hiyo haikwenda sayari yoyote bali ilibaki kuizunguka Dunia ikichunguza miali ya eksirei itokayo angani.

Kisha kuna Jua lenyewe. Mvutano wake, yaani ile nguvu inayokifanya kila kitu kilicho karibu nalo kielekee kuliangukia, haukomi mahali popote katika safari, na kwa hiyo chombo kilichokwisha kuachana na Dunia hakiendi kama gari barabarani, ambalo injini ikizimwa husimama, bali huwa kama sayari ndogo inayolizunguka Jua kwa kufuata sheria zile zile ambazo Mjerumani Johannes Kepler alianza kuzichapisha mwaka 1609. Injini kubwa huwaka kwa dakika chache mwanzoni na kuzimwa, na muda wote uliobaki, ambao ni miezi, chombo huelea kimya katika njia yenye umbo la duaradufu, yaani duara lililobanwa pande mbili. Umbo hilo huweza kuchorwa mezani kwa misumari miwili na uzi uliofungwa ncha zake pamoja: uzi huvikwa kwenye misumari, penseli huuvuta mpaka ukaze, na ikizungushwa huku uzi haulegei huacha duaradufu juu ya karatasi. Jua hukaa kwenye msumari mmoja, na kwenye ule mwingine hapana kitu.

Aliyeonyesha namna ya kuitumia duaradufu hiyo kama daraja kati ya sayari mbili alikuwa Walter Hohmann, mhandisi katika manispaa ya mji wa Essen, Ujerumani, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1925, mwaka mmoja kabla ya roketi ya kwanza ya fueli ya majimaji kurushwa huko Marekani. Hohmann aliuliza swali la mtu bahili: njia ipi inakula fueli kidogo kuliko zote? Jibu lake lilikuwa duaradufu inayoigusa njia ya Dunia kwa ncha moja na njia ya Mirihi kwa ncha ya pili, ili chombo kiondoke upande mmoja wa Jua na kufika upande wa pili baada ya kukata nusu ya mzunguko. Kikishaushinda mvutano wa Dunia, chombo huhitaji kuizidi Dunia kwa takriban kilomita 3 tu kwa sekunde, na kuanzia hapo hupanda polepole kuliacha Jua, kasi yake ikipungua siku hata siku kama ya jiwe lililorushwa juu, mpaka kinapoifikia njia ya Mirihi huwa kinakwenda kilomita 21 na nusu kwa sekunde, ilhali Mirihi yenyewe huenda 24. Hapa pana jambo ambalo wengi hulifikiria kinyume, kwani si chombo kinachoifukuza Mirihi hadi kuipata, bali ni Mirihi inayotokea nyuma na kukipata chombo. Safari nzima huchukua siku 259, yaani miezi minane na nusu, na urefu wa njia yake ni karibu kilomita milioni 590, zaidi ya mara kumi ya ule umbali wa Agosti 2003.

Siku hizo 259 ndizo zinazoamua lini mtu aondoke. Mirihi hulizunguka Jua mara moja kwa siku 687, na katika muda wa safari itakuwa imesogea nyuzi 136 kati ya zile 360 za duara zima, wakati chombo kitakuwa kimesogea 180. Siku ya kuondoka, basi, Mirihi lazima iwe mbele ya Dunia kwa nyuzi 44, la sivyo chombo kitafika mahali palipopangwa na kukuta patupu. Mpangilio huo hurudi mara moja tu kila baada ya siku 780, ambazo ni miezi 26 hivi, na nafasi ya kuutumia hudumu wiki chache.

Wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili, kwa kuwa wanalo jina lake tangu zamani, nalo ni msimu. Neno hilo limetokana na mawsim la Kiarabu, lile lile ambalo Wareno walilichukua na kulieneza Ulaya kuwa jina la pepo za Bahari ya Hindi. Majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya Bara Hindi yaliteremka hadi Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi, upepo unaovuma tangu Desemba hadi Machi, na yakarudi kwa kusi. Nahodha hakuulizwa Maskati ni mbali kiasi gani bali aliulizwa atatweka lini, na aliyechelewa kumaliza biashara yake alikaa bandarini, jahazi lake liwe zuri namna gani, mpaka upepo ugeuke. Msafiri wa Mirihi yumo katika hali hiyo hiyo, isipokuwa msimu wake haubahatishi, kwani tarehe zake hujulikana miaka mingi kabla.

Msimu wa Julai 2020 ulishuhudia vyombo vitatu vya nchi tatu vikiondoka ndani ya siku kumi na moja hivi. Cha kwanza kilikuwa cha Falme za Kiarabu, kiitwacho Al-Amal, yaani Matumaini, ambacho kilirushwa na roketi ya Kijapani kutoka kisiwa cha Tanegashima baada ya kucheleweshwa siku chache na hali ya hewa. Kikafuata Tianwen-1 cha China tarehe 23, na Perseverance cha Marekani tarehe 30. Vilifika kama vilivyoondoka, kimoja nyuma ya kingine, tarehe 9, 10 na 18 Februari 2021. Cha nne, gari la uchunguzi la Rosalind Franklin lililotengenezwa Ulaya kwa ushirikiano na Urusi, lilikuwa liwe katika msafara huo, lakini parachuti zake zilikuwa bado hazijathibitishwa, na kuchelewa kwa miezi michache kukageuka kuchelewa kwa miaka miwili. Ulipowadia msimu wa 2022 vita vya Ukraine vikawa vimeuvunja ushirikiano wenyewe, na sasa linatazamiwa kuondoka mwaka 2028. Kisa cha InSight, chombo cha Marekani cha kupima mitetemeko ya ardhi ya Mirihi, ni cha kusikitisha zaidi kwa sababu ya udogo wa chanzo chake. Kifaa chake cha kupimia kilifungiwa ndani ya tufe lisilo na hewa, na Desemba 2015, miezi mitatu tu kabla ya tarehe ya kurushwa, ufa mdogo wa kupitisha hewa uliokuwa ukiwasumbua mafundi ulijitokeza tena katika majaribio ya baridi kali. Ufa wenyewe uliweza kutibiwa ndani ya miezi kadhaa, lakini Mirihi haikungoja, na InSight kiliondoka tarehe 5 Mei 2018, kikasafiri siku 205 tu baada ya kusubiri miezi 26.

Ni vyema kuitazama safari ya Perseverance kwa karibu zaidi, kwa maana inaonyesha jinsi miezi hiyo ya ukimya inavyotumika. Roketi iliyokipeleka haikulenga Mirihi hasa bali ilielekezwa kando yake kwa makusudi, kwa kuwa kipande cha juu cha roketi, ambacho hakikusafishwa vijidudu kama chombo chenyewe, hufuata njia ile ile na kisingepaswa kuigonga sayari na kuichafua. Baada ya kuachana na kipande hicho chombo kilirekebishiwa njia kwa vijiinjini vidogo, kidogo kidogo, kikiwa kinajizungusha polepole, mara mbili kwa dakika, ili kisipepesuke. Kilikata kilomita milioni 471 kwa siku 203, njia fupi kuliko ile ya Hohmann kwa sababu roketi yake ilikuwa na nguvu ya kukipa mwendo wa ziada. Kilipoingia katika angahewa ya Mirihi, yaani tandiko jembamba la hewa linaloizunguka sayari hiyo, kilikuwa kinakwenda karibu kilomita 20,000 kwa saa, na katika dakika saba zilizofuata ngao ya joto, parachuti yenye upana wa mita zaidi ya 21 na injini za kushukia zililazimika kuupunguza mwendo huo hadi ule wa mtu anayetembea taratibu. Mawimbi ya redio yaliyoleta habari hizo, ambayo husafiri kwa kasi ya mwanga, yalichukua zaidi ya dakika 11 kufika Dunia. Wahandisi wa Pasadena, California, walipoambiwa kwamba chombo kinaanza kushuka, kilikuwa tayari kimetulia kwenye vumbi la bonde la Jezero.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini roketi haiongezewi fueli ili safari ya miezi saba iwe ya miezi miwili. Jibu limo katika hesabu aliyoichapisha mwaka 1903 mwalimu wa shule wa Kirusi, Konstantin Tsiolkovsky, nayo hueleweka vizuri kwa kumfikiria mpagazi wa misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Mpagazi anayebeba chakula chake mwenyewe hula sehemu ya mzigo kila siku kwa ajili ya kubeba sehemu iliyobaki, na kadiri safari inavyorefushwa mzigo wa kuanzia huongezeka kupita kiasi, mpaka hufika mahali ambapo hakuna nafasi ya bidhaa yoyote. Misafara ilinunua chakula vijijini njiani. Roketi haina kijiji cha kununua fueli, hivyo kila nyongeza ndogo ya mwendo inahitaji fueli ya kuisukuma fueli nyingine.

Na hata mwendo ungepatikana, ungekuwa deni la kulipwa mwishoni. Mariner 7 cha Marekani kiliondoka tarehe 27 Machi 1969 na kuipita Mirihi tarehe 5 Agosti, siku 131 tu, ambao ni mwendo wa haraka kuliko wa Perseverance kwa zaidi ya miezi miwili. Lakini kilipita tu, kikapiga picha kwa muda mfupi na kutokomea, kwa kuwa hakikuwa na namna ya kusimama. Viking 1, kilichofuata miaka sita baadaye, kilikuwa na kazi ya kutia nanga katika mzingo wa Mirihi, yaani kuingia katika njia ya kuizunguka sayari hiyo, na kisha kutua, nacho kilitumia siku 304. Kutia nanga ndiko kunakogharimu. Katika maji jahazi hushusha tanga na bahari yenyewe hulipunguzia mwendo, lakini katika utupu hakuna kinachokizuia chombo ila injini yake, na kila kilomita ya mwendo iliyopatikana kwa fueli kubwa mwanzoni yapasa ifutwe kwa fueli nyingine iliyobebwa njia nzima.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni Utaridi, sayari iliyo karibu kabisa na Jua. Mariner 10 cha Marekani kiliondoka Novemba 1973, kikapita kando ya Zuhura Februari 1974, na tarehe 29 Machi kikaipita Utaridi, safari ya siku 146. Chombo cha Messenger, kilichorushwa tarehe 3 Agosti 2004 na taifa lile lile likiwa na miaka thelathini zaidi ya maarifa, kilianza kuizunguka sayari hiyo tarehe 18 Machi 2011, baada ya miaka sita na miezi saba. Ukweli ni kwamba chombo kinachokwenda Utaridi kinaangukia Jua, na kwa hiyo kasi yake huongezeka badala ya kupungua, nacho hufika kama gari lililokatika breki mteremkoni, na Utaridi haina angahewa ya maana ya kukizuia. Ili kuupunguza mwendo huo bila fueli isiyobebeka, Messenger kilipitishwa kando ya Dunia mara moja, ya Zuhura mara mbili na ya Utaridi yenyewe mara tatu, kila mara kikiiachia sayari sehemu ya mwendo wake. BepiColombo cha Ulaya na Japani, kilichoondoka Oktoba 2018, kimepewa njia ndefu zaidi, na mipango ilikiweka kutia nanga Novemba 2026. Kwa kulinganisha, Zuhura, ambayo nayo iko upande wa Jua lakini si ndani sana, hufikiwa kwa miezi minne au mitano.

Ujanja huo wa kupitia kando ya sayari hufanya kazi kwa pande zote mbili, kupunguza na kuongeza, na ndio uliofungua njia ya kwenda kwenye sayari kubwa za nje. Chombo kikipita nyuma ya sayari inayokwenda, mvutano wa sayari hiyo hukidaka na kukitupa mbele, mfano wa mpira uliopigwa kwenye kioo cha mbele cha basi linalokuja kwa kasi, ambao hurudi ukiwa na mwendo mkubwa kuliko ule uliokwenda nao. Mwendo ulioongezeka umetolewa kwa basi, ambalo kwa uzito wake haliwezi kuhisi hasara hiyo. Kwa lugha ya mitaani chombo kinadandia. Galileo, kilichotakiwa kuizunguka Mshtarii, kilikuwa kiende moja kwa moja, lakini baada ya ajali ya chombo cha wanaanga cha Challenger mwaka 1986 roketi yenye fueli hatari zaidi iliyokusudiwa kukisukuma ilipigwa marufuku kubebwa pamoja na wanaanga, na wahandisi wakalazimika kukipeleka kwanza ndani, kwenye Zuhura, kisha kwenye Dunia mara mbili, ili kichote mwendo wa kutosha. Kiliondoka Oktoba 1989 na kufika Desemba 1995. Voyager 1, ambacho hakikuhitaji kusimama, kilikuwa kimefika huko huko kwa miezi 18 mwaka 1979, na New Horizons, kilichokuwa njiani kwenda Pluto, kwa miezi 13 tu mwaka 2007. Kwa hiyo msomaji anayekutana na takwimu mbili tofauti kabisa za safari ya kwenda Mshtarii asidhani kwamba mojawapo ni ya uongo. Yampasa aulize kama chombo kilipita au kilikaa. Cassini, kilichokaa kwenye Zohali kwa miaka 13, kilitumia miaka sita na miezi tisa kufika.

Kwa sayari mbili za mwisho, Uranus na Neptuni, njia ya bahili ya Hohmann ingechukua miaka 16 kwa ya kwanza na zaidi ya 30 kwa ya pili. Voyager 2, chombo pekee kilichowahi kuzitembelea, kiliondoka Agosti 1977, kikadandia Mshtarii, Zohali na Uranus kwa zamu, na kuifikia Neptuni Agosti 1989, miaka 12 baadaye. Msimu wake haukuwa wa miezi 26. Mwaka 1965 Gary Flandro, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Pasadena, aligundua kwamba sayari nne za nje zingejipanga upande mmoja mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwamba mpangilio wa namna hiyo hutokea mara moja katika miaka 175 hivi, hivyo kizazi kilichoukosa kisingepata mwingine.

Vyombo visivyo na watu haviumwi wala havizeeki upesi, na ndiyo maana miaka sita kwao ni kadhia ya bajeti tu. Kwa binadamu mambo ni mengine. Wale waliokwenda Mwezini walifika kwa siku tatu, na Mwezi, kwa kuwa umo katika himaya ya mvutano wa Dunia, hauhitaji kungojewa kwa miaka. Aendaye Mirihi kwa njia ya Hohmann akishafika hukuta kwamba Dunia imehama na njia ya kurudi imefungwa. Atalazimika kukaa huko siku 450 na ushei mpaka sayari zijipange upya, kisha asafiri siku nyingine 259, na jumla yake ni karibu miaka miwili na miezi minane. Zipo njia za mkato zinazomruhusu akae mwezi mmoja au miwili na kurejea kwa kupita upande wa Zuhura, lakini hula fueli nyingi mno, na muda anaouokoa Mirihi huutumia sehemu kubwa angani, mahali pabaya zaidi kwa mwili. Katika hali ya kutokuwa na uzito mifupa ya nyonga na miguu hupoteza zaidi ya asilimia moja ya uimara wake kila mwezi, na kipimo kilichowekwa ndani ya gari la uchunguzi wa Mirihi la Curiosity wakati wa safari yake ya miezi minane ya mwaka 2011 hadi 2012 kilionyesha kwamba mionzi ya siku moja njiani ni sawa na ile ambayo mtu wa kawaida huipata duniani kwa miezi mingi. Daktari wa Kirusi Valeri Polyakov alikaa katika kituo cha angani cha Mir siku 437 mfululizo, na aliporejea Machi 1995 alitoka katika kidonge cha kurudia na kutembea hatua chache hadi kwenye kiti, akitaka ionekane kwamba mtu aliyefika Mirihi ataweza kusimama. Lakini Polyakov alikuwa na watu waliokuja kumpokea.

Injini za nyuklia, ambazo hupasha gesi joto kwa tanuri la atomiki badala ya kuichoma, zilijaribiwa ardhini katika jangwa la Nevada miaka ya 1960 na zinaweza kufupisha safari, ingawa hakuna iliyowahi kwenda angani. Injini za ayoni, zinazotupa nyuma chembe zilizochajiwa umeme, zimekwisha kutumika, na chombo cha Dawn kilizitumia kuyazunguka magimba mawili ya angani, Vesta na Ceres, moja baada ya jingine. Lakini msukumo wake ulikuwa sawa na uzito wa karatasi moja juu ya kiganja, na kukifikisha chombo mwendo wa gari la barabara kuu kulichukua siku nne. Ni injini zenye subira, si za haraka.

Kwa upande wake, Perseverance kimekuwa kikikata vipande vya mwamba vyenye ukubwa wa chaki na kuvifungia katika vineli vya titani, na mwanzoni mwa mwaka 2023 kilimaliza kuvitandaza kumi kati ya hivyo juu ya mchanga wa Jezero, kwa mpango, ili chombo kingine kije kuvichukua. Gharama ya kuvirudisha ilipokadiriwa kufika dola bilioni 11, na tarehe ya kufika kwake Dunia mwaka 2040, wenye mradi walirudi kwenye meza ya hesabu. Misimu ya Mirihi inaendelea kupita kila miezi 26, na vineli vingali vimelala pale vilipowekwa.